Konokono Asiye na Jina: Mwongozo wa Kueleza Spishi Mpya ya Msituni

Safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambako mtu anayechekecha majani makavu ana nafasi kubwa ya kukutana na konokono ambaye sayansi haijampa jina. Sababu yake inaeleweka. Milima hiyo ni ya kale, misitu yake ya ukungu imetengwa na mabonde makavu yenye joto, na mnyama wa milimita chache anayehitaji unyevu kila siku hana njia ya kuyavuka. Kila mlima umelea jamii zake kwa muda mrefu bila kuchanganyika sana na jirani. Kwa hiyo ugumu wa kazi hii hauko katika kumpata konokono mpya. Uko katika kumwonyesha msomaji aliye mbali, ambaye hakukuona ukikusanya wala hakujui, kwamba huyo uliyempata hakika hajawahi kuelezwa.

Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja: kueleza spishi mpya ni kutoa dai, na dai hilo lina thamani kwa kadiri mtu mwingine anavyoweza kulikagua bila kukutegemea wewe. Wengi huiona kazi hii kama sherehe ya kumpa mnyama jina, na wakishachagua jina huona wamemaliza. Jina ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Ukilishika swali la ukaguzi tangu siku ya kwanza, utajua nini cha kukusanya, nini cha kupima, nini cha kupiga picha, na wakati gani uiache spishi yako kabatini bila jina. Mifano mingi hapa inatoka katika jenasi ya *Gulella* na ndugu zake wa familia ya Streptaxidae, konokono wadogo wala nyama wanaowinda konokono wenzao, kwa sababu Afrika ina mamia ya spishi zao na mpya zinaendelea kuchapishwa. Kanuni zenyewe zinafaa kwa konokono yeyote wa nchi kavu katika nchi za joto.

Msituni: ushahidi huanza na kibali na lebo

Anza na karatasi. Nchini Tanzania kibali cha utafiti huombwa tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na nchini Kenya huombwa NACOSTI, na msitu wa hifadhi una mamlaka yake, ambayo nayo ina kibali chake. Kama vielelezo au vinasaba vitavuka mpaka, kumbuka pia Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, inayohusu rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa yake. Wapo wanaoona haya yote ni urasimu wa kuchelewesha kazi. Lakini kielelezo kisicho na kibali hakiwezi kuazimishwa kihalali, hakiwezi kusafirishwa, na majarida mengi hayatakipokea. Kielelezo ambacho hakuna anayeweza kukifikia kihalali hakithibitishi dai lolote.

Katika kukusanya, tumia njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kutafuta kwa macho: chini ya magogo, kwenye magome, nyuma ya majani mapana, kwenye mianya ya mawe. Ya pili ni kubeba majani yaliyooza pamoja na tabaka la juu la udongo, kuyakausha taratibu, kuyachekecha kwa machekeche ya matundu tofauti, kisha kuyapitia chembe kwa chembe chini ya taa. Kiwango kinachotumiwa sana na watafiti ni saa 2 za kutafuta na lita 4 za majani kwa kila kituo, na ni vizuri kukifuata ili kituo chako kiweze kulinganishwa na cha mwingine. Usitegemee macho peke yake. Konokono wengi wa misitu hii hawafiki sentimita moja, na wapo wa milimita mbili wasioonekana kabla ya chekeche kuwatoa.

Piga picha za mnyama akiwa hai na anatembea. Miili ya *Gulella* wengi ni ya njano, ya machungwa au myekundu, na rangi hiyo hupotea mara tu mnyama akiingia kwenye alkoholi. Baada ya picha, mweke kwenye chupa iliyojaa maji hadi kwenye kifuniko, bila hewa, mpaka kesho yake. Atakufa akiwa amenyooka nje ya gamba, jambo litakalokusaidia wakati wa kumpasua. Kisha mgawanyo: wa kupasuliwa waende kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, wa vinasaba waende kwenye ya asilimia 95 au zaidi. Konokono aliyejikunja ndani ya gamba huziba mlango wake, na alkoholi isipopenya nyama huoza. Toboa tundu dogo pembeni ya gamba la kielelezo cha vinasaba. Usitumie formalini. Huharibu vinasaba, na ikigeuka kuwa na asidi hula gamba. Magamba makavu nayo yasikae kwenye masanduku ya mbao zinazotoa mvuke wa asidi kama mwaloni, kwa kuwa mvuke huo hufanya uso wa gamba uchanue chumvi nyeupe na hatimaye uharibike, tatizo ambalo watunza makumbusho huliita ugonjwa wa Byne.

Lebo iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka, na iwekwe ndani ya chupa pamoja na mnyama. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya alkoholi, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Andika nchi, mkoa au kaunti, jina la msitu, viwianishi vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya makazi, tarehe, njia ya kukusanya na jina la mkusanyaji. Vielelezo vingi vya enzi za ukoloni vina lebo yenye jina la mji wa karibu au la safu nzima ya milima, na leo hakuna ajuaye vilitoka kwenye bonde gani. Katika milima ambayo kila msitu unaweza kuwa na spishi yake, lebo iliyoandika “Usambara” tu haisemi hata kama ni Usambara Mashariki au Magharibi.

Mezani: mpya kwa nani?

Kutoijua spishi si ushahidi kwamba haijulikani. Hapa ndipo madai mengi huanguka, na historia ya kanda yetu ina mfano mzuri. Mwaka 1889 Mfaransa Jules René Bourguignat alichapisha kitabu kinene juu ya moluska wa Afrika ya ikweta, kutoka Mogadishu hadi Bagamoyo na kutoka Bagamoyo hadi Tanganyika, akifanyia kazi magamba yaliyoletwa na wasafiri. Bourguignat aliamini kwamba tofauti ndogo ya umbo inatosha kutenga spishi, na aliongoza kundi la wataalamu waliofuata imani hiyo. Majina mengi aliyoyatoa yaliishia kuwa visawe: majina ya ziada ya wanyama waliokwisha kuelezwa, au ya umri na maumbo tofauti ya mnyama yuleyule. Jina likishachapishwa kwa kufuata kanuni halifutiki. Kila mtafiti anayekuja baadaye hulazimika kulisoma, kukitafuta kielelezo chake na kutoa hukumu. Spishi ya uongo inaigharimu sayansi muda mwingi kuliko spishi iliyocheleweshwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi moja ya maelezo, tengeneza orodha ya kila spishi ya jenasi yako iliyowahi kuelezwa kutoka kanda hii na nchi jirani. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, mlango wa kuingilia ni orodha za Bernard Verdcourt, hasa ile iliyosahihishwa ya mwaka 2006. Kwa maandiko ya zamani, utahitaji kitabu cha Eduard von Martens cha 1897 juu ya moluska wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kwa upande wa Kongo, mapitio ya Henry Pilsbry ya 1919. Mengi ya maandiko hayo sasa yamewekwa mtandaoni na yanasomeka bure. Usiishie kwenye mipaka ya nchi. Spishi ya Taita inaweza kuwa imeelezwa kutoka Pare, na ya Kigoma ikawa imeelezwa kutoka Kivu miaka mia moja iliyopita kwa Kifaransa.

Baada ya orodha, nenda kwenye vielelezo vyenyewe. Kila spishi ina kielelezo kimoja au zaidi kinachobeba jina lake, na ndicho kipimo cha mwisho pale maneno ya maelezo ya zamani yanapokuwa machache au yana utata. Vingi vya kanda hii viko London, Berlin, Tervuren na Paris. Si lazima usafiri: andika kwa mtunza mkusanyo, eleza unalinganisha nini, omba picha za mbele, za pembeni na za ndani ya mdomo wa gamba zenye skeli. Kama mdomo wa *Gulella* yako una meno matano na spishi ya jirani imeelezwa kuwa na manne, omba picha kabla ya kuamini. Mwandishi wa zamani mwenye lenzi ya mkononi huenda hakuliona jino lililojificha ndani kabisa.

Gamba, mwili na vinasaba

Gamba ndilo ushahidi wa kwanza, na kwa spishi nyingi za zamani ndilo pekee lililopo, kwa hiyo lazima ulitumie vizuri. Pima urefu, upana, urefu na upana wa mdomo, na hesabu mizunguko kuanzia nchani kwa usahihi wa robo. Angalia kama kitovu kiko wazi au kimezibwa, kama uso ni laini au una mbavu, na kama mbavu zinaanza kwenye gamba la utotoni au baada yake. Eleza kila jino la mdomo kwa mahali lilipo, umbo na kina chake. Tumia watu wazima tu. Konokono wa kundi hili wakikomaa huacha kukua, ukingo wa mdomo hugeuka nje na meno kukamilika. Gamba la mtoto linaweza kuonekana kama spishi nyingine. Rangi ieleze kutoka kwenye gamba bichi, kwani gamba lililokaa kwenye udongo hupoteza ung'avu na kuwa jeupe kama chokaa.

Pima vielelezo vingi uwezavyo, kisha toa masafa yote, si wastani pekee. Hapo linazuka swali ambalo kila mchekechaji wa majani hukutana nalo: vipi kama nina gamba moja tu? Katika misitu ya joto spishi nyingi ni adimu kwenye sampuli, na anayesubiri ishirini anaweza kusubiri milele. Kanuni za majina haziweki idadi ya chini. Jibu la busara linategemea aina ya tofauti. Kama tofauti ni ya kipimo, kwa mfano gamba lako ni refu kidogo kuliko la jirani, moja halitoshi, kwa sababu hujui urefu unavyobadilika ndani ya spishi. Kama tofauti ni ya muundo, kwa mfano jino kubwa mahali ambapo hakuna spishi nyingine ya jenasi yenye jino, gamba moja la mtu mzima linaweza kubeba dai, mradi useme wazi kwamba ni moja.

Mwili ndio ushahidi wa pili, na kwa baadhi ya familia ni wa lazima. Kwa wale Urocyclidae wenye gamba dogo linalofunika sehemu ya mwili tu au wasio na gamba la nje kabisa, gamba halisemi karibu lolote. Hata kwa *Gulella*, viungo vya uzazi vina mengi ya kusema: ndani ya uume mna vijindoano ambavyo ukubwa na mpangilio wake hutofautisha spishi ambazo magamba yake yanafanana sana. Kumbuka kwamba konokono hawa wana jinsia mbili katika mwili mmoja na viungo hivyo hubadilika kwa umri na majira, hivyo pasua zaidi ya mmoja ukiweza. Radula, yaani ule utepe wa meno ya kinywani, hutolewa kwa kuyeyusha nyama katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi na kuchunguzwa kwa hadubini ya elektroni. Huduma hiyo ikikosekana kwako, mshirika wa chuo kikuu au makumbusho anaweza kukufanyia, na jina lake liwe miongoni mwa waandishi.

Ushahidi wa tatu ni vinasaba, na hapa inafaa kujibu pingamizi linalosikika sana siku hizi: kwa nini tusipime DNA tu na kuachana na mambo ya meno na vitovu? Kipande cha jeni la mitokondria liitwalo COI, chenye jozi 650 hivi, kinapimwa kwa bei nafuu, na mara nyingi hufichua makundi ambayo macho hayakuyaona. Visiwa vya Hawaii vinatoa ushahidi wa kutosha. Huko mwaka 1955 waliletwa konokono wala nyama waliojulikana kwa jina moja, *Euglandina rosea*, ili wamdhibiti konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, *Lissachatina fulica*. Walishambulia konokono wa asili wa visiwa hivyo na kuchangia kutoweka kwa spishi kadhaa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba chini ya jina hilo moja kulikuwa na spishi mbili. Kanda yetu ina sehemu katika kisa hicho, kwa kuwa katika miaka ya 1950 *Gonaxis kibweziensis*, aliyeitwa kwa jina la Kibwezi, naye alihamishwa kutoka Kenya hadi visiwa vya Pasifiki kwa kazi hiyohiyo. Watu walikuwa wakihamisha wawindaji kutoka bara hadi bara huku wakiwajua nusunusu.

Hata hivyo COI peke yake haihukumu. DNA ya mitokondria ya konokono wa nchi kavu hubadilika haraka mno, na katika spishi moja inayokubalika, kama *Cepaea nemoralis* wa Ulaya, tofauti kati ya mnyama na mnyama zinaweza kuzidi asilimia 10. Ukichukua kipimo cha asilimia tatu kilichozoeleka kwa wanyama wengine, utajaza msitu spishi zisizokuwapo. Zaidi ya hayo, vielelezo vingi vya zamani ni magamba matupu yasiyo na nyama ya kupima, kwa hiyo anayeelezea kwa DNA pekee hawezi kuonyesha kwamba hajampa jina jipya mnyama wa mwaka 1897. Dai lenye nguvu ni lile ambalo gamba, mwili na vinasaba vinakubaliana, au ambalo mwandishi wake anaeleza kwa nini havikubaliani.

Kuandika maelezo

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Masharti yake ya msingi kwa spishi mpya ni machache na hayana mjadala. Jina liwe la maneno mawili, kwa herufi za Kilatini. Lionyeshwe wazi kwamba ni jipya, kwa kawaida kwa kuandika “sp. nov.” baada yake. Pawepo maelezo kwa maneno, si picha tu, yanayotaja sifa za kutofautisha. Kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotipu, kitajwe bayana pamoja na mkusanyo kinakowekwa. Na kazi ichapishwe. Ukichapisha kielektroniki, tangu 2012 kazi lazima isajiliwe katika ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya chapisho lenyewe. Sharti moja likikosekana, jina halipo kisheria hata kama konokono wako ni mpya kweli, na mwingine anaweza kumweleza kesho na kuwa ndiye mwandishi wa jina.

Moyo wa maandishi ni aya fupi ya kutofautisha. Iandike kama hati ya shamba la kijijini inavyoandikwa: ukubwa wake ni huu, na mashariki inapakana na fulani, magharibi na fulani. Taja spishi zinazofanana zaidi na yako, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja sema sifa inayozitenga. Maneno kama “dogo”, “zuri” au “la kipekee” hayatengi kitu. “Jino la ukingo wa nje ni moja na pana, wakati kwa jirani ni mawili na membamba” yanatenga. Baada ya aya hiyo ndipo yaje maelezo marefu ya holotipu, masafa ya vielelezo vingine, mwili, makazi, ramani, na mjadala wa kwa nini umemweka katika jenasi hiyo. Picha za gamba zifuate mkao uliozoeleka: mdomo ukimtazama msomaji, kisha pembeni, nyuma na kitovuni, kila moja na skeli.

Chagua holotipu kwa swali lilelile la ukaguzi: gamba zima la mtu mzima, lenye mwili uliohifadhiwa na DNA iliyopimwa ikiwezekana, kutoka kituo chenye viwianishi. Iweke katika makumbusho ya umma ya nchi alikotoka mnyama, kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya au ya Tanzania, yenye namba ya usajili. Vielelezo vingine vya mfululizo uleule, paratipu, vigawe kwa makumbusho zaidi ya moja. Wapo wanaosema vielelezo vikae Ulaya kwa sababu ya usalama. Moto ulioteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil huko Rio de Janeiro mwezi Septemba 2018 ulionyesha kwamba jengo lolote linaweza kuungua. Wafanyakazi waliingia ndani na kuokoa maelfu ya vielelezo vya moluska, wakitanguliza vile vinavyobeba majina. Kinga ya kweli ni kugawa. Na mtafiti kijana wa Dodoma au Mombasa anayetaka kukagua dai lako asilazimike kuomba viza ili aone gamba lililotoka wilayani kwake.

Jina

Jina laweza kutokana na lugha yoyote, kwa hiyo neno la Kiswahili, Kisambaa au Kitaita linaruhusiwa likiandikwa kwa herufi za Kilatini bila alama za ziada. La mahali humalizwa kwa -ensis, kama kibweziensis. La kumuenzi mwanamume kwa kawaida humalizwa kwa -i, la mwanamke kwa -ae. Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi: *Gulella* ni ya kike, *Gonaxis* ya kiume. Hakikisha jina hilo halijatumika katika jenasi hiyohiyo, jambo rahisi kutokea jenasi ikiwa na mamia ya spishi. Usiitumie nafasi hii kujisifu wala kumkejeli mtu. Fahamu pia kwamba jina halibadilishwi kwa sababu limegeuka kutofaa. Ukimwita wa Mlima fulani kisha akapatikana milima mitano, jina litabaki. Sifa inayoonekana kwenye gamba mara nyingi huzeeka vizuri kuliko mahali.

Msitu unakatwa, sisi tunahesabu mizunguko?

Pingamizi zito kuliko yote linahusu haraka. Misitu inafyekwa, vilima vya chokaa vinachimbwa saruji, na moluska wanaongoza makundi yote ya wanyama kwa idadi ya spishi zilizorekodiwa kutoweka. Huko Malaysia, *Plectostoma sciaphilum* aliishi kwenye kilima kimoja tu cha chokaa, Bukit Panching. Machimbo yalikimaliza kilima, na spishi ikaenda nacho. Kwa hali hiyo, husemwa, afadhali jina lililoandikwa upesi kuliko maelezo kamili ya mnyama aliyekwisha kutoweka. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo usingoje miaka kumi ili ukamilishe kila kipimo. Lakini angalia ni jina la namna gani linalosaidia. Mwaka huohuo wa 2014 ambapo *Plectostoma sciaphilum* alitangazwa kutoweka, alielezwa *Charopa lafargei* wa kilima cha Gunung Kanthan, akapewa jina la kampuni ya saruji ya Lafarge iliyokuwa na machimbo hapo. Jina hilo lilivuta macho ya watu, na likawa na nguvu kwa kuwa nyuma yake palikuwa na kielelezo, mahali kamili na maelezo yanayokagulika. Mwenye machimbo au ofisa mipango akiuliza “huyu ana tofauti gani na wa kilima cha pili?”, mwandishi wa haraka asiye na jibu atakuwa amempa sababu ya kuwadharau wote wanaokuja baadaye.

Pingamizi la pili ni la huruma: kwa nini kuua, wakati simu hupiga picha nzuri? Ni kweli kanuni zimeacha upenyo kwa maelezo yasiyo na kielelezo kilichohifadhiwa, na wataalamu wanabishana juu yake. Kwa konokono wa milimita tatu picha haionyeshi vijindoano, haitoi DNA, na haiwezi kupasuliwa upya na mtu mwenye swali ambalo wewe hukulifikiria. Kusanya wachache wa kutosha, tumia magamba ya waliokufa wenyewe kadiri uwezavyo, na acha kituo kikiwa na wanyama wake.

La tatu ni la lugha. Kanuni za majina ya wanyama hazidai Kilatini wala Kiingereza. Zinapendekeza tu lugha inayosomwa na wengi katika fani. Kwa hiyo andika makala kwa lugha ambayo wakaguzi wako wa London, Leiden na Nairobi wanaisoma, na weka ndani yake aya ya kutofautisha kwa Kiswahili. Mlinzi wa msitu, mwalimu wa biolojia na mjumbe wa kamati ya kijiji nao ni wakaguzi. Wao ndio watakaojua wa kwanza kama mnyama bado yupo. Na usidhani kazi hii ni ya wenye vyeo vya fani pekee. Verdcourt (1925–2011) aliajiriwa kama mtaalamu wa mimea, Nairobi kisha Kew, na ndiye aliyetupa majina ya konokono wengi wa Kenya na Tanzania.

Siku utakapokuwa na rasimu mkononi, mpe mtu anayejua konokono lakini hajui mradi wako, pamoja na trei ya magamba yaliyochanganywa ya spishi yako na ya jirani zake. Akiweza kuyatenga kwa kutumia aya yako ya kutofautisha peke yake, chapisha. Akishindwa, rudi mezani, na kama ushahidi bado hautoshi, kiache kielelezo makumbusho chini ya jina la “*Gulella* sp.” kikiwa na lebo kamili, kwa sababu lebo hiyo nayo ni mchango, na mwenye ushahidi zaidi ataikuta.